Picha za Jua Lililopatwa

Tarehe 18 Julai 1860 jua lilipatwa lote huko Hispania. Warren De la Rue, Mwingereza, alilipiga picha Rivabellosa. Padre Angelo Secchi, Mwitalia, alipiga zake mbali, upande wa mashariki. Msomaji atafutaye uzuri tu atazilaumu, maana wekundu wa ndimi za moto ukingoni mwa jua haumo. Lakini waliochora kwa mkono zamani hawakupatana; wengine walidhani ndimi hizo ni za mwezi. Picha za mahali pawili zilionyesha ndimi zile zile, mwezi ukizifunika upande huu na kuzifunua upande wa pili. Basi, ni za jua. Mchoro hupendeza, bali mashahidi wawili wakipatana, shauri limekwisha.