Kura ya Mikono Iliyoizika Semina

Pongezi zitapata nafasi zikibaki. Mliokuwa ukumbini kwenye kikao cha mwisho cha semina ya masomo ya dini, mwaka wa mwisho, mliona wenyewe. Zikiwa zimesalia dakika 40 na tasnifu mbili hazijatetewa, mhadhiri aliiweka ratiba pembeni akauliza kuhusu waumini waliofunga hadi kufa: yaliyotokea Shakahola, Kenya, ni dini ya kweli au ya uongo? Anyooshe mkono anayesema ya kweli. Anyooshe anayesema ya uongo. "Uongo" ukashinda, makofi yakapigwa, muhula ukafungwa.

Muhula mzima vijana hawa wamefundishwa kuziweka imani zao mabanoni. Wamezimaliza pande saba za dini za Ninian Smart, wameumizwa kichwa na jicho la ndani na jicho la nje, kisha siku ya mwisho wanaulizwa swali la mimbarini! Swali hilo lina wenyewe, na la hatia lina mahakama. La idara lilikuwa jingine: ni fundisho gani, na utii wa namna gani, vilivyowafanya watu wazima wenye kazi na familia waone kufunga hadi kufa ni safari yenye maana? Tena kura ile ilifunika jambo zito kuliko yote. Miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 haikuwa ya watu wa aina moja. Wengi walikufa kwa njaa, lakini wapo ambao uchunguzi ulionyesha wamenyongwa, na wapo watoto ambao hawakuamua lolote. Sasa mkono ulionyooshwa ulikuwa unawahukumu akina nani?

Na kati ya tasnifu mbili zilizoachwa, moja ilikuwa inalinganisha Shakahola na Kanungu, Uganda. Waliosoma wanakumbuka: kanisa la kundi la kidini la huko lilipoungua na waumini ndani Machi 17, 2000, habari za mwanzo zilisema waumini wamejiua. Baadaye yakapatikana makaburi ya pamoja katika maeneo mengine ya kundi lile, na polisi wakaanza kuzungumzia mauaji. Mwanafunzi mwenye tasnifu hiyo alikuwa na hoja mkononi ya kuivuruga kura yenyewe, naye akabaki na karatasi zake mapajani huku mtahini wa nje akitazama saa.

Jonathan Z. Smith asingelivumilia hili. Baada ya zaidi ya watu 900 kufa Jonestown, Guyana, Novemba 1978, aliwalaumu wanazuoni wenzake kwa kukaa kimya na kuwaachia wengine kazi ya kueleza. Katika kitabu chake cha 1982, Imagining Religion, aliiweka Jonestown kando ya wafuasi wa Dioniso wa Euripides na kando ya vuguvugu la kisiwa cha Espiritu Santo, ambako watu waliangamiza mali zao wakingoja ulimwengu mpya. Hakumtakasa mtu. Alichokataa ni sisi kusema "wendawazimu" au "matapeli" halafu tukaenda kunywa chai.

Hapa kwetu pia palikuwa na watu. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, alitoa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kutokana na mihadhara ya Makerere na Hamburg. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, akamjibu kwa maandishi kwamba Mbiti na wenzake wanaivisha miungu ya Waafrika kanzu za Kigiriki. Walipingana kwa hoja, na hakuna aliyeitisha kura.

Mtasema narudia wimbo wangu, nami narudia: ugonjwa ulianza siku kazi za vikundi zilipoingia, mmoja anaandika na wanne wanasoma slaidi. Darasa lililozoeshwa hivyo haliwezi kuona kasoro kwenye kura ya mikono. Pongezi zilizobaki ni hizi: orodha ya vitabu ilikuwa nzuri, na kazi ya nyanjani ilisimamiwa vyema.

Dakika 40 zilitosha: 20 kwa kila tasnifu, nusu ya kusema, nusu ya kuulizwa. Na mwulizaji wa kwanza angekuwa yule binti aliyeandika kuhusu maulidi ya Lamu, maana ndiye aliyekuwa mbali zaidi na mada, na huyo ndiye humlazimisha mtetezi aeleze kwa nini mambo mawili yanalinganishwa.

Nasikia walionyoosha mikono wamepewa alama za ushiriki. Wenye tasnifu wameambiwa wapeleke nakala mbili ofisini kabla ya Ijumaa.