Programu za Kuhariri Video katika Linux kama Zana ya Utafiti wa Fasihi Simulizi: Uhakiki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki programu za kuhariri video zinazofanya kazi katika mfumo endeshi wa Linux. Kipimo kilichotumika ni mahitaji ya mtafiti wa fasihi simulizi, ambayo ni tofauti na mahitaji ya mtengeneza filamu. Inadaiwa humu kuwa Kdenlive inatosha kwa kazi hiyo hivi leo, na kwamba pengo lililobaki ni la lugha zaidi kuliko la ufundi.

1. Faili tunalolimiliki na hatuwezi kulisoma

Miaka kadhaa iliyopita, idara ninakofanyia kazi ilirekodi wazee wakisimulia ngano na historia za koo kwa Kiswahili cha Arua na cha miji ya Aru na Mahagi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Video hizo zilihaririwa kwa programu ya kibiashara ambayo leseni yake ilinunuliwa kwa fedha za mradi. Mradi ulipokwisha, leseni nayo ikaisha. Video mbichi tunazo, na chache zilizokamilika tunazo pia. Yasiyofunguka ni mafaili ya mradi, yaani mahali ambapo msaidizi wetu aliweka mipaka ya kila ngano, majina ya wasimulizi, na maandishi ya chini ya skrini yaliyochukua miezi kuandikwa. Wasimulizi wawili wamekwisha kufariki. Maelezo waliyompa msaidizi yule kuhusu maneno ambayo hata sisi hatukuyajua yamo ndani ya faili lililo mali yetu, nasi tumekaa nalo kama mtu aliyerithi sanduku bila ufunguo.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nihamie Linux, na ndicho kilichonipa vigezo vya uhakiki huu. Orodha nyingi za kulinganisha programu za video huhesabu madoido, vichujio vya rangi na mbwembwe za vichwa vya maandishi. Mtafiti anayemrekodi bibi akisimulia kwenye kibaraza hana haja navyo. Yeye ana maswali matatu. Je, programu inafungua video kama ilivyotoka kwenye simu? Je, inafanya kazi kwenye kompyuta ambayo idara inayo, na umeme unapokatika kazi inapona? Na baada ya miaka kumi, mtu asiye na programu hiyo ataweza kusoma kilichofanywa? Swali la nne, la lugha, sikulitarajia. Lilijitokeza kazi ikiwa imekwisha kuanza.

2. Jina kubwa lisilofaa

Mtu akiuliza ni programu gani ya kuhariri video anayopaswa kuweka katika Linux, jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design. Sifa zake katika usahihishaji wa rangi ni za kweli, na toleo la bure lipo. Lakini toleo hilo la bure, likiwa katika Linux, halisomi video za H.264 wala H.265. Hizo ndizo kodeki ambazo karibu kila simu hurekodi nazo, na zimefungwa na hataza. Toleo la kulipia, ambalo bei yake imekuwa dola 295, linazisoma. Hata hivyo, kwa miaka mingi sauti ya AAC, ambayo huambatana na video hizohizo, haikusomwa katika Linux hata kwa aliyelipa. Mhariri alijikuta ana picha bila sauti. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, hilo ni sawa na kupewa kitabu chenye majalada pasipo kurasa.

Wapo wanaojibu kwamba tatizo hilo linatatuliwa kwa kubadilisha video kwanza kwa FFmpeg, programu huria ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Jibu hilo ni sahihi kiufundi, lakini gharama yake haisemwi. Video ya simu ya ukubwa wa kawaida hutumia takriban megabiti 17 kwa sekunde, yaani karibu GB 8 kwa saa moja. Ikibadilishwa kuwa DNxHD ya megabiti 185 kwa sekunde, saa hiyohiyo hula zaidi ya GB 80. Hifadhi iliyojaa diski moja sasa inadai diski kumi. Ongeza kwamba Resolve katika Linux inapendekezewa kumbukumbu ya GB 32 na kadi ya michoro inayojitegemea, kisha tazama kompyuta zilizomo katika maabara za idara zetu za lugha. Mshauri wa sera anayeipendekeza programu hiyo kwa sababu ni ya bure hajahesabu diski wala kadi.

Kuhusu swali la tatu, la kusomeka baada ya miaka kumi, Resolve huhifadhi kazi katika hifadhidata yake yenyewe. Sidai kwamba haiwezekani kuitoa humo. Nadai tu kwamba aliyekwisha kufungiwa nje mara moja hana sababu ya kuingia tena katika nyumba yenye mlango wa namna ileile.

3. Ukoo wa MLT

Programu tatu zinazotajwa sana baada ya hiyo ni Kdenlive, Shotcut na OpenShot. Mbili za kwanza ni ndugu, kwani zote zimejengwa juu ya MLT, maktaba huria ya kushughulikia video, na Shotcut inaongozwa na Dan Dennedy, mmoja wa waasisi wa MLT yenyewe. OpenShot, iliyoanzishwa na Jonathan Thomas mwaka 2008, nayo ilianza juu ya MLT kabla ya kujijengea maktaba yake. Zote tatu husoma video za simu moja kwa moja kupitia FFmpeg, na kwa hiyo zinavuka kizingiti ambacho Resolve ya bure inajikwaa.

OpenShot ndiyo rahisi kuliko zote kumfundisha mwanafunzi asubuhi moja. Nimeitumia kwa vipande vifupi na sina lawama. Kwa simulizi ya saa nzima yenye mamia ya mikato, siishauri.

Shotcut ni nyepesi na ina adabu. Ikipewa video ya simu yenye idadi ya fremu inayopandashuka, huonya na kujitolea kuibadilisha kwanza, jambo linalozuia sauti kuachana na midomo. Wengi wetu tumewahi kuona msimulizi akicheka kabla ya kichekesho. Mpangilio wake wa madirisha unahitaji kuzoewa, lakini ningekuwa na kompyuta moja tu ya zamani, ndiyo ningeichukua.

Kdenlive ni ya mradi wa KDE, na chimbuko lake ni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa muda mrefu ilikuwa na sifa mbaya ya kujifunga ghafla, na sifa hiyo ilistahili. Toleo la 19.04, la Aprili 2019, lilitoka baada ya zaidi ya asilimia 60 ya msimbo wake wa ndani kuandikwa upya, na anayeihukumu leo kwa yaliyompata kabla ya hapo anahukumu programu nyingine. Mambo mawili yanaifanya ishinde katika vigezo vyangu. La kwanza ni nakala nyepesi: programu hujitengenezea video ndogo za kufanyia kazi, nawe unakata juu ya hizo, kisha mwishoni inarudi kwenye video halisi. Kompyuta yenye GB 8 za kumbukumbu, isiyo na kadi ya michoro, inamudu. Shotcut nayo imepata uwezo huo tangu mwaka 2020. La pili ni uokoaji: umeme ukikatika, programu ikifunguliwa tena hujitolea kurejesha kazi kutoka faili la akiba. Katika mji ninakoishi, hilo halihesabiwi kuwa anasa.

Lakini sababu iliyonikata shauri ni faili la mradi. Mradi wa Kdenlive ni maandishi ya XML. Nilipofungua mradi wetu wa kwanza kwa programu ya kawaida ya kuandikia, niliyaona majina ya mafaili, nyakati za mikato na majina ya alama tulizoweka, yote yanasomeka. Mafaili ya Shotcut nayo ni XML, na ya OpenShot ni JSON, ambayo pia ni maandishi. Hata kama programu hizi zote zitakufa, mwanafunzi wa mwaka 2040 atajua kwamba ngano ya sungura ilianza dakika ya kumi na mbili. Maandishi ya chini ya skrini huhifadhiwa katika miundo ya wazi kama SRT, ambayo ni namba, nyakati na maneno tu. Kwa sababu hiyo yanaweza pia kutoka ELAN, programu ya unukuzi ya Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, ambayo wanaisimu wengi wa kanda hii wanaifahamu na ambayo inafanya kazi katika Linux. Unanukuu katika ELAN, unasafirisha SRT, unaipokea Kdenlive. Hakuna hatua hata moja katika njia hiyo inayodai leseni ya kulipia.

Programu nyingine, kama Flowblade, Pitivi na kihariri kilichomo ndani ya Blender, zina wapenzi wao. Sikuona katika yoyote kati yake jambo la kunitoa nilipofika.

4. Kiswahili ndani ya zana

Hapa ndipo sifa zangu zinapokoma. Kdenlive iliingiza zana ya maandishi ya chini mwishoni mwa mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaongeza uwezo wa kugeuza usemi kuwa maandishi kupitia Vosk. Katika orodha ya lugha za Vosk tulipoikagua, Kiswahili hakikuwamo. Mwaka 2023 iliongezwa Whisper ya kampuni ya OpenAI, ambayo Kiswahili kimo. Lakini kuwamo si kutosheka. Whisper ya kwanza ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo unukuzi wa Kiswahili ulikuwa wa saa zisizofika kumi. Matokeo yaliyochapishwa na watengenezaji wenyewe yanaonyesha kiwango cha makosa ambacho hakuna mhariri wa fasihi angekikubali. Na hicho ni Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu. Kiswahili cha Mahagi, chenye upatanisho wake wa kisarufi na maneno yake ya Kifaransa na Kilingala, hakina hata hizo saa chache.

Lipo jambo lingine ambalo sijaona likijadiliwa katika makongamano yetu. Whisper ina chaguo la kutafsiri, nalo hutafsiri kutoka lugha yoyote inayoijua kwenda Kiingereza pekee. Mtafiti akibonyeza kitufe hicho, simulizi ya mzee wa Aru hutoka kwa Kiingereza. Ndani ya Whisper hakuna kitufe cha kuitoa simulizi ya Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu kwa Kiswahili. Whisper imebeba ndani yake mwelekeo mmoja wa tafsiri, na mwelekeo huo ni uleule ambao sera zetu za lugha zinasema zinaupinga. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Video za simulizi tunazoziweka hadharani zinaendelea kuwa na maandishi ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo yanayopatikana kwa wepesi.

Tatizo la istilahi ni la ndani zaidi. Nilipomfundisha mwanafunzi kazi hii kwa Kiswahili, niligundua kwamba vijana wanaohariri video za harusi mjini wana maneno yao tayari: wanakata, wanarenda, wanavuta klipu kwenye taimulaini. Ni maneno yanayofanya kazi. Anayetaka kuyaondoa na kuweka vibunzi vya kamusi atafundisha darasa tupu. Neno moja tu ningeomba lijadiliwe, nalo ni la hayo maandishi ya chini. Baadhi ya majukwaa ya video huyaita manukuu. Kwa mhakiki wa fasihi, manukuu ni maneno ya mwandishi mwingine yaliyowekwa katika alama za kunukuu, na kwa sababu hiyo nililikataa neno hilo kwa muda mrefu. Nimebadili mawazo kwa sehemu. Maandishi yanapofuata lugha ileile inayosemwa, ni zao la unukuzi, na manukuu ni jina lake halali. Yanapokuwa katika lugha nyingine, ni tafsiri, na kuyaita manukuu ni kumficha mtazamaji kwamba kuna mkono wa mtu wa pili kati yake na msimulizi. Tofauti hiyo ingepaswa kuonekana hata kwenye menyu.

Kazi ya namna hii ilikwisha kufanyika zamani. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikiwa na faharasa iliyotungwa kwa ajili hiyo. Wataalamu wa lugha na wa kompyuta walikaa meza moja. Kwa upande wa sauti, mradi wa Common Voice wa Mozilla umekwisha kukusanya mamia ya saa za Kiswahili kwa leseni ya wazi. Malighafi ipo kwa ajili ya mfano wa unukuzi bora kuliko ule tuliopewa.

Kwa hiyo ombi langu kwa washauri wa sera ni dogo na lina bei. Fedha ambayo kila mradi wa kurekodi huiweka katika kifungu cha leseni ya programu ya video ihamishiwe katika mambo mawili: diski za kuhifadhia, na ujira wa wanafunzi watakaosahihisha manukuu ya mashine kwa Kiswahili cha eneo husika, kisha kuyatoa kwa leseni ya wazi yarudi kufunza mashine hizo. Na mkataba wa mradi utamke kwamba mafaili ya uhariri yatakabidhiwa katika muundo wa maandishi unaosomeka. Idara yetu imeanza kufanya hivyo. Zile ngano za Aru zilizofungwa tunazinukuu upya kutoka video mbichi, na panapokosekana maana ya neno tunaacha mabano matupu.