Sikio Kwanza, Jicho Baadaye

Sisi wa Majengo, Mombasa, ndege tunayemjua ni kunguru, naye hana haja ya kutafutwa: yuko juu ya mabati tangu alfajiri, akipiga kelele na kuwapokonya watoto mandazi. Ndiyo maana mtu wa mtaa huu akiingia Gede kutazama ndege, huinua shingo vileleni. Mwelekezi humgusa bega, akamwonyesha chini.

Ndege anayetafutwa huko, vitabu vya sayansi humwita Geokichla guttata. Hutaga kusini mwa Tanzania, katika misitu kama ile ya Rondo mkoani Lindi, na kuanzia Aprili hivi huja pwani yetu. Hukaa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na chini ya miti iliyomea ndani ya magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mgongo wake ni wa rangi ya majani makavu. Akitulia, waweza kumtazama usimwone.

Hapo ndipo nawapa heko waelekezi waliokulia kando ya msitu ule. Wao huanza na sikio. Isanje, yule mnyama wa pua ndefu na makalio ya dhahabu, akishtuka hupiga mkia kwenye majani, akatimua mbio. Mjusi hukwaruza, akapita zake. Lakini ndege huyu hupindua jani kwa mdomo, akanyamaza. Hukimbia hatua chache, akanyamaza tena. Mwelekezi huusikiliza ule unyamavu. Hasogei wala hanyoshi kidole, husubiri jani la pili, ndipo anong'one: “Kushoto kwa ukuta, chini ya mzizi.”

Na kweli, yupo! Kifua cheupe chenye madoa meusi, mabaka mawili meusi shavuni, safu mbili za nukta nyeupe bawani. Anang'oa mnyoo, anasimama wima, anasikiliza.

Darubini husaidia, ila nimewaona wenye darubini za bei wakitoka mikono mitupu kwa kukosa subira. Ujuzi huu haununuliwi dukani.

Kutoka Mombasa ni kama kilomita 100 kwa barabara ya Malindi. Nenda kati ya Mei na Septemba, asubuhi na mapema, na mwelekezi mpe haki yake bila kuvutana bei. Bila yeye utaona magofu na majani tu.