Miadi na Maji

Mji Mkongwe wa Unguja umelipa mgongo jua la asubuhi. Majumba ya ufukweni yanatazama magharibi, baharini, kwa hiyo mwenye kamera akiwahi alfajiri atakuta nyuso zao zimo kivulini. Mgeni hulitambua hilo mara nyingi siku anayopanda boti kurudi Dar es Salaam. Sisi wa hapahapa hatuna haraka, tunarudi alasiri.

Hata hiyo alasiri peke yake haitoshi, maana bahari nayo ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji kwetu hujaa karibu na saa kumi jioni na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, hata baada ya wiki, yakiwa maji mafu, saa kumi hiyohiyo unakuta yamepungua na ukuta wa ufukweni wa Forodhani uko miguu wazi. Mvuvi anayajua haya bila kuangalia kalenda. Mpiga picha wa pwani asiyeyajua atabaki kuilaumu lenzi yake.

Chukua makachu, ile miruko ya vijana wa Forodhani. Bila maji mengi chini ya ukuta hawaruki, hivyo bamvua ndiyo inayowakutanisha na jua la jioni. Kijana anatoka mbio, anakanyaga ukingo, anajikunja hewani, nawe umeelekea jua moja kwa moja. Ukipima mwanga kwa ngozi yake, mbingu yote itageuka nyeupe isiyo na kitu. Ukipima kwa mbingu, yeye anakuwa umbo jeusi, vidole vya miguu vimetanuka, matone yamemganda pembeni. Mimi huchagua la pili, na shata naiweka 1 kwa 1000 ya sekunde. Lakini kasi hiyo ni msaada tu. Kileleni mwa mruko mwili hutulia kidogo kabla ya kuanza kuanguka, na kidole kinatakiwa kibonyeze kabla jicho halijasadiki. Hilo hufundishwa na jioni nyingi za ukutani, na jioni hizo hazigharimu nauli.

Mitaani kuna hesabu nyingine. Ukuta wa chokaa huidanganya kamera: ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ukuta unatoka na rangi ya saruji. Basi unaiongezea mwanga kwa mkono. Mlango wa nakshi hauna la kusema ukiupiga, ila bibi aliyekaa barazani kando yake ana lake, kwa hiyo salamu na hodi zitangulie.

Wako watakaouliza faida ya kupiga mahali palepale miaka nenda rudi. Wazitazame picha za Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na picha za mwanzo zinaonyesha mnara wa taa umesimama peke yake mbele yake. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliuharibu, na katika picha za baadaye mnara, safari hii wa saa, uko kwenye jumba lenyewe. Kwa hiyo picha isiyoandikwa tarehe nyuma yake bado inajitaja umri. Kisha Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka, na vijipicha ambavyo watu walipiga njiani wakienda kula urojo vikawa kumbukumbu ya nguzo na roshani zilizoanguka siku hiyo.

Tangu hapo, nikipita Forodhani na mwanga ukiwa mwema, huanza na picha isiyo na mpenzi: jengo zima, wima, mbele kwa mbele, bila machweo wala mashua, na chini yake naandika tarehe na mahali niliposimama. Nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizonazo. Jamaa zangu wakipekua simu yangu huiruka upesi, wanatafuta makachu.