Anwani Moja, Maandishi Mamoja

Kabla ya muundo wa tovuti unaojirekebisha kulingana na skrini kuenea, tovuti nyingi zilitengeneza kurasa za simu kando na za kompyuta, kila kundi na anwani yake. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, ilitumia sw.wikipedia.org kwa kompyuta na sw.m.wikipedia.org kwa simu, hivyo makala moja ikawa na anwani mbili. Wengi huamini kwamba Google huadhibu marudio ya namna hiyo. Sivyo. Huchagua anwani moja ya kuonyesha katika matokeo na kuiacha nyingine. Shida ni kwamba huenda isichague ile anayoitaka mwenye tovuti.

Februari 2009 Google, Yahoo na Microsoft zilitangaza tagi ya kutaja anwani rasmi ya ukurasa. Kwa tovuti zenye anwani mbili, ukurasa wa simu ulitaja wa kompyuta kuwa rasmi, nao wa kompyuta ukaelekeza kwa wa simu. Kazi hiyo ilihitaji uangalifu katika kila ukurasa.

Mei 2010 msanifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza njia nyingine katika jarida la A List Apart: gridi zinazonyumbulika, picha zinazojipunguza, na kanuni za CSS zinazopima upana wa skrini. HTML ni ileile, anwani ni ileile. Mwaka 2012 Google ikaipendekeza rasmi.

Hata hivyo, njia hiyo ikitekelezwa kivivu, marudio huhamia ndani ya ukurasa. Msanifu huandika menyu mbili, wakati mwingine hata aya zilezile mara mbili, kisha hutumia kanuni ya CSS display: none kuficha nakala isiyohitajika. Macho hayaoni kosa, lakini HTML yote imeshapakuliwa, mara nyingi pamoja na picha zilizofichwa, na msomaji wa simu ndiye anayelipia kwa bando lake. Mhariri naye akisahihisha bei katika nakala moja, ya pili hubaki na bei ya zamani. Inafaa maandishi yaandikwe mara moja, CSS iyapange upya, na sifa ya HTML srcset ikiachie kivinjari kuchagua picha ya ukubwa unaofaa.

Kufuta maandishi kwenye simu ili kukwepa marudio ni kosa kubwa zaidi. Mwaka 2018 Google ilianza kuorodhesha tovuti kwa kusoma kwanza toleo la simu, kwa hiyo aya isiyokuwepo huko haihesabiwi.