Stempu za Ushuru wa Tumbaku na Ulevi: Wakusanyaji Wanathamini Nini?

Kwa wauza vitu vya kale wa Balad mjini Jeddah, na wa Souq al-Zal mjini Riyadh, mteja anayeulizia stempu huoneshwa kwanza stempu za posta. Stempu za ushuru, ambazo Waarabu huziita damgha, huja baadaye. Za ushuru wa tumbaku na ulevi huwa za mwisho kabisa, na mara nyingi muuzaji huomba radhi kwa kuzitoa. Sina ugomvi na wauzaji, kwani wao huuza kinachotakiwa. Hoja yangu ni kwa wakusanyaji wenzetu, na kwa kile wanachokihesabu kuwa ni thamani.

Kipimo chao kimetoka kwenye stempu za posta: stempu iwe nzima, iwe safi, na gundi yake isiwe imeguswa. Kwa stempu ya tumbaku au ya chupa, kipimo hiki kinapindua mambo. Stempu hizo zilitengenezwa ili zichanike. Ni ukanda wa karatasi, Waturuki wanauita bandrol mpaka leo, unaobandikwa juu ya mdomo wa pakiti au juu ya kizibo, ili anayefungua auchane na usiweze kutumika mara ya pili. Basi ile iliyobaki nzima mara nyingi ni ile ambayo haikufanya kazi yake: ilisalia ghalani, au ilikuwa sampuli ya mpiga chapa. Iliyochanika ndiyo iliyolipiwa ushuru. Mkusanyaji anayetoa fedha nyingi kwa nzima na kuitupa iliyochanika amenunua karatasi na kuacha ushahidi.

Na ushahidi wenyewe si mdogo. Dola ya Uthmaniyya ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 1875. Kwa amri ya Muharram ya mwaka 1881, mapato ya aina sita yalikabidhiwa kwa Idara ya Deni la Umma, iliyoongozwa na wawakilishi wa wadai wa Ulaya: chumvi, tumbaku, stempu, ulevi, samaki na hariri. Tazama orodha hiyo. Stempu, tumbaku na ulevi vimo pamoja. Tumbaku ikapewa kampuni ya Régie, iliyoanza kazi mwaka 1884 na kuwa na walinzi wake wenye silaha, nao wakapigana na wakulima na wapitishaji wa magendo, na watu wakafa. Kwa hiyo bandrol iliyochanika ya wakati ule inaonesha mvutaji mmoja akilipa sehemu ya deni la Sultani. Albamu inayoandika nchi, rangi na bei peke yake haimwambii mtazamaji lolote katika haya.

Wapo wanaosema kwamba stempu ya ulevi haifai kuwekwa katika nyumba ya Mwislamu. Naiheshimu hisia hiyo, lakini stempu ya ushuru si kinywaji. Wauthmaniyya wenyewe waliuita ushuru wa ulevi zajriyya, neno linalotokana na zajr, yaani kukemea na kuzuia. Dola ilikemea kwa jina na ikapokea kwa mkono. Mwanahistoria hawezi kuijadili tofauti hiyo kama karatasi zake zimetupwa kwa sababu ya haya. Katika Saudi Arabia ulevi ni haramu kisheria, na hata ruhusa ya wageni kuuingiza iliondolewa mwaka 1952. Ndiyo sababu zaidi ya kuhifadhi karatasi za zama zilizotangulia.

Katalogi nazo zina lawama yao. Mwaka 1925, Makka ikiwa tayari mikononi mwa Sultan Abdulaziz na Jeddah ikiwa bado imezingirwa, posta ya Najdi ilikosa stempu zake. Ikachukua zilizokuwepo, zikiwemo stempu za hati na zile za ushuru wa Reli ya Hijazi, ikazigonga juu yake maneno ya Usultani wa Najdi na mwaka 1343. Stempu hizo zimo katika katalogi za Stanley Gibbons na Scott, na hutafutwa sana, kwa sababu zilipata kubeba barua. Dada zake zilizobaki kwenye mikataba, zikifanya kazi ile ile ziliyochapiwa, hazimo. Katalogi ya John Barefoot ya stempu za mapato za nchi zilizokuwa chini ya Uingereza imeziba sehemu ya pengo hilo, na Zanzibar imo, lakini nayo hupanga bei kwa stempu moja moja, si kwa hati iliyobandikwa.

Hapa ndipo jambo linapozigusa familia zetu. Wengi waliotoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964 walibeba hati za mashamba na nyumba, wasia na wakfu. Juu yake zipo stempu za mapato, ambazo Zanzibar ilikuwa nazo tangu miaka ya 1890. Mnunuzi akitaka stempu tu, atairoweka hati majini na kuibandua. Akishafanya hivyo, stempu haina tena jina la muuzaji, wala mpaka wa shamba, wala saini ya kadhi. Na hati imepoteza alama ya ushuru uliolipwa, na pengine tarehe iliyoandikwa juu ya stempu kuifuta. Vitu viwili vimeharibika ili kimoja kipendeze kwenye albamu.

Stempu za leo ziko katika hatari hiyo hiyo. Tanzania ilianza stempu za kielektroniki kwa sigara na ulevi Januari 2019. Saudi Arabia, iliyoweka ushuru wa asilimia 100 kwa tumbaku mwaka 2017, ilianza kubandika stempu kwenye pakiti za sigara mwaka 2019. Hutupwa pamoja na pakiti kila siku.

Kwa hiyo nasema hivi kwa wakusanyaji na kwa wenye makasha ya karatasi za wazee. Stempu iliyo juu ya hati ibaki juu ya hati, na iliyo juu ya pakiti au chupa ihifadhiwe na pakiti yake au chupa yake. Iliyochanika isitupwe. Andika kwa penseli, kwenye bahasha na si kwenye hati yenyewe, ilikotoka na aliyekuwa nayo. Na mnunuzi akikuuliza bei ya stempu peke yake, mjibu kwamba hati haigawanywi.