Sifa ya Anayeifuata Grafu Iliyopotea

Fungua gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri za maandishi, andika plot sin(x), kisha bonyeza Enter. Kompyuta ikiwa sawa, dirisha hufunguka papo hapo likiwa na mstari unaopanda na kushuka kama ulivyotarajia. Kompyuta ikiwa na hitilafu, mara nyingi hakuna dirisha linalotokea. Programu huenda isizimike. Hukurudisha pale pa kuandikia amri nyingine, kana kwamba kazi imekwisha. Na ugumu uko hapo hapo, kwa sababu huenda kazi imekwisha kweli.

Hesabu zimefanyika. Kila nukta imepata mahali pake. Kilichokosekana ni pa kuionyesha picha. Mwenye papara haoni tofauti hiyo, kwa hiyo huiondoa programu yote na kuisakinisha upya. Ikigoma tena, huanza kubadilisha mipangilio asiyoielewa hadi asikumbuke ilivyokuwa mwanzo. Ninayemsifu hapa ni fundi wa aina nyingine, yule ambaye kabla ya kugusa chochote hujiuliza: picha imefika wapi?

Fundi bomba hodari hachimbui uwanja mzima maji yanapokatika. Hufungua koki iliyo katikati ya njia. Yakitoka, tatizo liko mbele. Yasipotoka, liko nyuma. Katika gnuplot, koki hiyo ni amri set terminal dumb. Ukiitoa kisha ukachora upya, grafu hutokea kwa nyota na vistari vya kawaida vya kibodi, mle mle kwenye maandishi. Haipendezi hata kidogo, lakini ni ushahidi. Inathibitisha kwamba data imesomeka, hesabu ni nzima, na nusu ya njia haina haja ya kuchunguzwa tena. Hatua inayofuata ni kuielekeza picha kwenye faili la PNG, bila kusahau kulifunga kwa unset output, maana faili lisilofungwa linaweza kubaki halijakamilika na kukupa ushahidi wa uongo. Faili likifunguka vizuri, shaka yote inabaki kwenye dirisha.

Ili kulielewa dirisha inafaa kujua gnuplot ilizaliwa katika mazingira gani. Thomas Williams na Colin Kelley waliianza mwaka 1986, wakati skrini na mashine za kuchorea zilikuwa za aina nyingi zisizoelewana. Hesabu ikatenganishwa na uchoraji: sehemu moja hukokotoa, nyingine huzungumza na kifaa. Ndiyo maana programu hiyo bado inatumika, na ndiyo maana inaweza kunyamaza. Isipopata skrini inapoanza kazi, inaweza kujipangia terminali, yaani aina ya kifaa cha kuchorea, iitwayo unknown, ambayo hupokea amri zote na haichori popote. Jina hilo huandikwa wazi mwanzoni kabisa, kwenye mistari ambayo wengi hawaisomi. Fundi huisoma.

Kwenye Linux na jamaa zake, njia ya kwenda kwenye skrini kwa miaka mingi imepita katika mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987. Wazo lake lilikuwa la kijasiri: programu inaweza kufanya kazi kwenye mashine moja na dirisha lake likatokea kwenye nyingine. Mwanafunzi aliyeko Morogoro anaweza kuendesha hesabu kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani na kuiona grafu mezani pake. Katika mpangilio huo seva ya picha ni mashine iliyo mbele ya mwanafunzi, maana ndiyo yenye skrini. Ile kubwa ya ng'ambo ni mteja anayeomba kuchorewa. Asiyelijua hilo hutafuta ubovu upande usio wake.

Mteja hujua skrini iko wapi kwa kusoma kigeu kiitwacho DISPLAY. Kikiwa kitupu, hana pa kwenda. Mtumiaji akiingia kwenye mashine ya mbali kwa amri ya ssh -X, na mashine hiyo ikiruhusu, kigeu hicho hujazwa chenyewe, aghalabu kwa thamani kama localhost:10.0. Kisha fundi huita xeyes, programu ndogo ya macho mawili yanayofuata kipanya. Macho yakitokea, njia iko wazi na gnuplot ndiyo ya kuhojiwa. Yasipotokea, gnuplot haina hatia. Pengine kisa ni ruhusa tu: mtu amebadilisha akaunti na kuwa msimamizi mkuu, na akaunti mpya haina ufunguo uliohifadhiwa katika faili la .Xauthority. Skrini ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini mlango haufunguki.

Wanaotumia Python hukutana na kisa hicho hicho kwa sura nyingine. Matplotlib, maktaba yao ya kuchora grafu, ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa ubongo aliyetaka kuzitazama ishara za umeme kutoka kwa wagonjwa wa kifafa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Nayo hutenganisha hesabu na kifaa. Mtambo wake wa ndani uitwao Agg huchora pikseli safi kabisa lakini haujui kufungua dirisha. Kazi hiyo huachiwa maktaba za madirisha kama Tk, Qt au wenzao. Wasipokuwepo kwenye mashine, plt.show() haina wa kumwita. Amri ya matplotlib.get_backend() hutaja mtambo unaotumika, na jibu hilo moja huweza kuokoa jioni nzima ya kubahatisha. Kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa mashine.

Dirisha likifunguka likiwa tupu, huo ni ugonjwa mwingine. Njia ya picha ni nzima; wa kuhojiwa sasa ni data. Labda mhimili ni wa logi na thamani zote ni hasi. Labda mipaka ya mhimili imewekwa mahali ambapo hakuna nukta hata moja. Labda faili limeandika desimali kwa mkato na programu inatarajia kituo.

Taabu yote hii ni ya nini, ilhali namba zenyewe zipo? Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha mafungu manne ya data, kila moja likiwa na nukta 11. Wastani, mtawanyiko, uhusiano na mstari wa makadirio karibu vinalingana katika yote manne. Ukiyachora, moja linafuata mstari kwa kuyumba kidogo, la pili limepinda, la tatu limenyooka ila nukta moja imetoroka, na la nne limesimama wima huku nukta moja ya mbali ikiuvuta mstari mzima. Mwenye jedwali peke yake angeapa kwamba ni kitu kimoja. Anayeirudisha grafu kwenye skrini, basi, anamrudishia mtafiti uwezo wa kukataa kudanganywa na wastani.

Kwa sababu hiyo hiyo fundi wa kweli hakubali kudanganywa na bahati yake mwenyewe. Hubadilisha jambo moja, hujaribu, na lisiposaidia hulirudisha lilivyokuwa kabla ya kugusa la pili. Aliyebadilisha mambo matano kwa mpigo na kuiona grafu amepata picha, lakini hana sababu. Kesho akikaa mbele ya mashine nyingine ataanza sifuri. Fundi huondoa suluhisho lake kwa makusudi, huona grafu ikipotea tena, hulirudisha, huona ikitokea. Hapo ndipo anaweza kumwelekeza mwenzake, na mwenzake akafanikiwa bila yeye kuwepo.